Kiti cha Kushoto cha Mzee Shemhilu

Ngozi hupamba gari, mwenzi hupamba safari.

Ndivyo alivyosema shangazi yenu juzi, alipomwona yule bwana wa nyumba ya kona akifuta vumbi kwenye gari lake huku mkewe akienda sokoni kwa miguu. Mkacheka, kisha mkaniuliza maneno hayo yametoka wapi. Basi sogeeni. Si methali ya kale sana, na aliyeisema mara ya kwanza nilimfahamu kwa sura na kwa jina. Ilianza hivi.

Tanga, Barabara ya Kumi na Mbili, aliishi mzee mmoja aitwaye Hilari Shemhilu. Maisha yake ya kazi yote yaliishia kwenye mashamba ya mkonge. Alianza akiwa karani na akamaliza akiwa meneja. Mwenye shamba alipofunga virago kurudi kwao, alimwachia gari lake, gari refu jeusi, la namna ile wanayopanda mabalozi. Lilipopita mtaani, watu walisimamisha mazungumzo mpaka lipite.

Mkewe, Agripina, alikuwa ameshatangulia mbele ya haki. Watoto walikuwa wawili, mmoja Mwanza na mwingine ng'ambo, akiwapata kwa simu siku za Jumapili. Nyumba ilikuwa kubwa na yeye alikuwa mmoja. Asubuhi alifungua madirisha yote, jioni akayafunga, na katikati ya hapo hapakuwa na jambo. Siku yake ya kuishi ilikuwa Alhamisi.

Alhamisi saa moja asubuhi alimpitia rafiki yake Mbaruku, wakaenda pamoja Muheza kutazama shamba la michungwa la Shemhilu. Huyo Mbaruku alikuwa amekagua tiketi kwenye treni miaka ishirini na saba, na kila abiria aliyewahi kumkamata hana tiketi alikuwa na kisa chake. Alikaa kiti cha mbele, kushoto, bakora ameiegemeza mlangoni na kisu kidogo mkononi, akimenya machungwa na kusimulia. Kipande kimoja alikula mwenyewe, cha pili akampa dereva. Maji ya machungwa yakidondoka, basi yamedondoka. Shemhilu hakuwa mtu wa maneno mengi. Yeye aliendesha na kusema, "Ehe? Ikawaje?" Hiyo ilimtosha, na Mbaruku naye ilimtosha.

Miaka kumi na moja ilikwenda hivyo. Gari nalo likazeeka kwa ndani. Ngozi ya viti ilipasuka, kitambaa cha dari kikaachia gundi kikaning'inia kama chandarua, mbao za urembo kwenye dashibodi zikapauka, na mlango wa kushoto ukawa na mchubuko mrefu pale bakora iliposugua.

Ikatokea harusi ya mpwa wake. Bibi harusi aliomba abebwe na gari la mjomba, na mjomba alikubali kwa furaha. Walipofika ukumbini, binti aliteremka na shela lake jeupe limejaa unga wa sponji nyuma, manjano, kama aliyekalia unga wa mahindi. Mshereheshaji akashika kipaza sauti: "Jamani, gari la mjomba nje ikulu, ndani stoo!"

Ukumbi mzima ulicheka. Shemhilu alicheka pia, lakini alirudi nyumbani kabla chakula hakijaliwa.

Kesho yake alilipeleka gari kwa fundi Namsifu, mwanamke wa Kipare aliyekuwa na karakana ya viti vya magari kule Ngamiani. Mama huyo akishona, huoni mshono ulipoanzia. Alizunguka gari, akabonyeza viti, akavuta kitambaa cha dari.

"Mzee, nizibe palipochanika, au nivue vyote?"

"Vua vyote. Sitaki nione hata kipande cha zamani."

Kazi ilichukua mwezi mzima. Namsifu aling'oa viti, akang'oa paneli za milango, dari, mazulia na dashibodi, gari likabaki bati tupu. Mbaruku alikuwa akija kila siku kutazama. Alikalia kile kiti kikuukuu cha kushoto, sasa kikiwa sakafuni, akawapigia soga mafundi mpaka saa ya chakula.

Gari lilipokamilika, hata waliolijua hawakulitambua. Viti vilikuwa vya ngozi laini, nyeupe ya maziwa. Milango ilivikwa ngozi hiyohiyo. Dashibodi iliwekwa mbao ya mninga iliyong'arishwa mpaka unajiona uso. Chini ya mazulia Namsifu alitandika sponji nene ya kuzuia kelele, hata ukifunga mlango, mji wote ulinyamaza.

"Shemhilu," Mbaruku akasema, "hili si gari, ni chumba cha bibi harusi." Na alifurahi kweli, kwa moyo mweupe.

Alhamisi ikafika. Mbaruku alitoka kwake na bakora yake na kikapu chake, akafungua mlango wa kushoto. Kwenye kiti kulikuwa na taulo la bluu, limetandikwa na kukunjwa pembe.

"Hili la nani?"

"La kukalia," Shemhilu akajibu. "Ngozi hii inashika uchafu upesi. Na bakora, ndugu yangu, iweke kwenye buti. Kikapu pia."

"Na machungwa?"

"Tutakula tukifika."

Mbaruku alisimama kidogo. Alijipangusa suruali nyuma, mkono wa kulia kisha wa kushoto, akakaa juu ya taulo. Aliweka mikono mapajani kama mtu aliye kwenye chumba cha kusubiri daktari. Walipita Pongwe. Walifika Muheza, wakatazama michungwa, wakarudi. Njiani Mbaruku alianza kisa kimoja, cha mwanamke aliyemficha mbuzi chini ya kiti cha treni, na alipofika penye utamu akanyanyua mkono kuonyesha mbuzi alivyoruka. Shemhilu akasema, "Taratibu na dari." Mkono ukashuka. Kisa hakikumalizika.

Alhamisi iliyofuata Mbaruku alisema mguu unamsumbua. Iliyofuata, ana mgeni. Ya tatu Shemhilu hakumpitia tena. Alijiambia kwamba anamwacha apumzike.

Akawa anakwenda peke yake. Siku moja aliona mtu amepakia kabati la nguo kwenye baiskeli, kabati limemzidi urefu, naye akasema kwa sauti, "Hebu mtazame huyu!" Maneno yaliishia kwenye kioo. Kiti cha kushoto kilikuwa cheupe, safi, hakina hata mkunjo. Taulo lilikuwa bado limekunjwa pembe. Alichuma machungwa shambani kwa mazoea, akayaweka kwenye buti, yakamwozea nyumbani kwa sababu mtu mmoja hawezi kula kikapu kizima. Miezi ikapita hivyo, na kila Alhamisi njia ya Muheza, ambayo ni fupi, ilizidi kurefuka.

Mwisho akaanza kusumbuliwa na gari lenyewe. Alirudi kwa Namsifu.

"Fundi, kuna kitu hukukifunga vizuri."

"Kinagonga?"

"Hakigongi."

"Kinalia?"

"Hakilii. Lakini nikiwa njiani kuna kitu hakiko sawa. Nakisikia."

Namsifu hakubishana na mzee. Aliacha cherehani, akaingia kwenye gari, akakaa kiti cha kushoto, wakaelekea barabara ya Muheza. Aligusa paneli zote, akaweka sikio kwenye dashibodi, akafumba macho asikilize. Walipofika Pongwe alimwomba asimame.

"Baba," akasema, na hapo kabla hakuwa amemwita hivyo, "kazi yangu naijua. Gari hili halina kasoro."

"Mimi nasikia kitu."

"Husikii kitu. Ndicho unachokisikia. Mwezi mzima nilifanya kazi na yule mzee wa treni akizungumza pembeni yangu. Alipoondoka, hata mimi karakana ilinipwaya wiki nzima, sembuse wewe. Yuko wapi?"

Shemhilu aligeuza gari kurudi mjini.

Siku ileile alikwenda kwa Mbaruku. Mlango ulikuwa na kufuli. Jirani, Bi Mwanakombo, akatoka huku akifuta mikono.

"Hukupata habari? Alianguka bafuni, akavunjika nyonga. Bintiye amemchukua, yuko kwake Soni. Huu mwezi wa pili."

"Mwezi wa pili! Mbona hamkuniita nimpeleke hospitali? Niko mitaa mitatu tu kutoka hapa."

Bi Mwanakombo alitazama chini. "Tulitaka kukuita, baba. Mwenyewe alikataa. Alikuwa amelala sakafuni kwa maumivu, akasema, 'Mwacheni Shemhilu. Gari lake siku hizi halibebi watu kama sisi.' Tukamlaza nyuma ya pikapu ya mchanga."

Wanangu, kuna maneno mtu huambiwa akaona ni afadhali angepigwa. Shemhilu alirudi kwenye gari, akakaa humo mlango umefungwa. Watoto wa mtaa walipita wakalisifu gari, naye hakuwasikia hata kidogo, kwa ile sponji nene ya fundi Namsifu.

Asubuhi aliondoka kwenda Soni. Alipita Segera, Korogwe, Mombo, akapanda milima kona kwa kona. Alimkuta rafiki yake kitandani karibu na dirisha, amekonda, blanketi mpaka kifuani.

"Umekuja na nani?" Mbaruku akauliza.

"Peke yangu."

"Njia yote ile?"

"Njia yote."

Shemhilu akasogea karibu na kitanda, akasema, "Mbaruku, nimekukosea. Nilikukalisha juu ya taulo. Wewe, mtu wangu."

"Taulo halikuniuma," Mbaruku akajibu taratibu. "Hata mimi kwangu nina kiti nisichotaka kichafuke. Kilichoniuma ni macho yako. Safari nzima ulitazama kiti. Mimi hukunitazama."

"Nisamehe, ndugu yangu."

"Nilishakusamehe. Ningebaki na hasira hiyo ningepona na nini?"

"Basi ukipona, Alhamisi..."

Mbaruku alitikisa kichwa. "Daktari amesema nyonga hii haitakaa tena kwenye gari. Kutoka kitandani mpaka barazani, ndiyo safari yangu. Njoo wewe." Kisha akajaribu kuchangamka, akajiinua kidogo kwenye mto. "Haya, leo zamu yako. Nisimulie. Umeona nini njiani?"

Shemhilu alifungua kinywa. Alitafuta mtu, mnyama, mti, chochote kutoka Tanga mpaka Soni. Hakupata kitu. Alikuwa amepita yote hayo na macho yake mawili, na hakuona hata kimoja cha kumletea mgonjwa. Hapo ndipo alipolia, na Mbaruku akamwacha alie.

Wakati wa kurudi alisimama Mombo anywe chai. Basi la abiria lilikuwa limesimama hapo, watu wameteremka kunyoosha miguu, wakalizunguka lile gari jeusi. Walichungulia vioo, wakaona ngozi nyeupe na mninga unaong'aa. Mama mmoja, mwalimu, akamgeukia.

"Mzee, kwa gari hili, wewe safari zako zote ni raha tupu."

Shemhilu aliweka kikombe chini. Hakuwa na nia ya kusema jambo la kukumbukwa, alikuwa anamjibu tu.

"Mwanangu, ngozi hupamba gari. Mwenzi hupamba safari."

Mwalimu alitaka kucheka, akamtazama usoni, akaacha. Honi ilipigwa. Abiria waliingia wakibanana, wakigombea dirisha, wakipitishiana mahindi na watoto, na yule mama alikuwa tayari anamweleza jirani yake wa kiti maneno aliyoambiwa na mzee. Basi likaondoka nayo. Ndivyo yalivyofika Korogwe, Handeni na Dar es Salaam, na mpaka kwa shangazi yenu. Aliyeyasema alimaliza chai yake, akafungua mlango, akaendesha kuelekea Tanga peke yake.

Aliendelea kwenda Soni kila Alhamisi. Njiani alijilazimisha kutazama, akapata cha kusimulia, na watu wa kule wanasema alikuja kuwa msimuliaji mzuri. Masika yaliyofuata Mbaruku alifariki. Baada ya hapo gari halikuonekana sana barabarani. Walioliona wanasema lilikuwa jipya vilevile, ngozi nyeupe haina doa.

Kwa hiyo mkimsikia mtu anasema maneno hayo, msidhani anawaonea wivu wenye magari mazuri. Shemhilu hakuwa na ubaya na ngozi, wala Namsifu hakukosea hata mshono mmoja. Kila kitu ndani ya gari lile kilikuwa kipya, na kila kitu kilikuwa mahali pake, isipokuwa mtu.

Ngozi hupamba gari, mwenzi hupamba safari.