Ukoko wa Bibi

Sogeeni, wanangu, na mwoga amshike mwenzake mkono.

Bibi yake Mize alipofariki, jikoni kukaanza vituko. Kila jioni sufuria ya wali ilijikwaruza yenyewe: kwaru, kwaru! Siku ya kwanza baba aliingia na panga, asione mtu. Siku ya pili mama akafukiza ubani, mkwaruzo ukazidi. "Keshokutwa tunahama," akasema mama.

Mize akakumbuka kwamba tangu msiba ukoko wanapewa kuku, na bibi aliupenda kuliko wali wenyewe. Siku ya tatu akaubandua, akauweka kwenye sahani, akafumba macho.

"Karibu, Bibi."

Kukawa kimya. Alipofumbua macho, nusu ya ukoko ilikuwa imeliwa. Nusu nyingine ilikuwa imesogezwa mbele yake, kama zamani.