Bunduki Yenye Wenyewe Watatu

Hapo zamani, si ile zamani ya sungura kusema, bali zamani ya karibu, vita ya Wajerumani na Waingereza ilipokwisha na watu wakarudi makwao wamekonda, kilikuwako kijiji kiitwacho Isunguhi, katikati ya miombo ya Unyamwezi. Kisima chake kilikuwa kimoja. Na kisima hicho kilitekwa na nyati.

Alikuwa dume mzee aliyefukuzwa na kundi lake. Mchana kutwa alilala vichakani kando ya maji, na mwenye mtungi akija, alimwinukia. Wanaume walimpiga kwa magobore. Risasi ziliingia ngozini zikakaa humo, naye akazibeba kama abebavyo kupe. Hazikumuua, zilimkasirisha.

Watu wakaenda kwa Mtemi Lugusha. Wakasema, "Mtemi, magobore yameshindwa. Tuombee bunduki kubwa kule bomani."

Mtemi akajibu, "Boma limekataza. Mtu wangu akishikwa na bunduki ya komeo, mimi ndiye nitakayevuliwa kiti. Hameni."

"Tuhamie wapi, Mtemi?"

"Kokote kwenye maji."

Hawakuhama. Haukupita muda, nyati akamuua Mihambo, mume wa Kalunde.

Kalunde alimzika mumewe. Matanga yalipoanuliwa, akapanda darini, akashuka na kitu kirefu kilichofungwa kwa ngozi ya mbuzi. Mihambo alikuwa mpagazi vitani, na huko aliokota mtutu wa bunduki ya kuwindia tembo, mtutu mzito wenye tundu la kuingiza kidole gumba, pamoja na risasi zake chache. Kitako kilikuwa kimeungua. Komeo, kile chuma cha kufungia risasi nyuma ya mtutu, lilikuwa limepotea. Kalunde akaubeba mtutu ule mpaka kwa Kapele mhunzi, mchana kweupe, bila kuufunika.

"Fundi," akasema, "mdomo upo. Nataka koo."

Kapele akautazama mtutu, akatazama na njia. "Shemeji, Mtemi amekataza."

"Mtemi hachoti maji."

Kapele akacheka kidogo, kisha akaacha kucheka. Akawasha moto. Akachukua kipande cha chuma cha reli, akafua, akapiga tupa, akajaribu, likagoma. Akapiga tupa tena, akajaribu, likagoma. Akapiga tupa tena, mpaka komeo likaingia na kutoka kama ulimi kinywani. Wakaufunga mtutu kwenye gogo, wakafyatua kwa kamba. Komeo likapasuka, na kipande kimoja kikaruka kikalitoa jicho la kushoto la Kapele.

Mkewe akalia, "Acha, baba! Utakufa kwa kazi ya watu!"

Kapele, uso umefungwa kitambaa, akajibu, "Jicho limekwenda. Nikiacha sasa, litakuwa limekwenda bure."

Akafua komeo la pili, nene kuliko la kwanza, lenye meno mawili ya kung'ata ndani ya mtutu. Walipofyatua, kuku wa kijiji kizima waliruka, na komeo likabaki mahali pake.

Mtemi alisikia mlio ule. Akatuma mjumbe kusema, "Zimeni moto huo."

Kapele akamwambia mjumbe, "Mwambie umeshazimika. Iliyobaki ni kazi ya mbao."

Kazi ya mbao ilikuwa ya Nyamizi. Huyu alikuwa mwanamke mchonga vinu, na walikuwapo waliomcheka, mwanamke gani mwenye tezo begani! Akachonga kitako cha mninga. Bunduki ikapiga teke lake, kitako kikapasuka. Akachonga cha mkurungu mbichi. Bunduki ikapiga teke lake, kitako kikapasuka. Ndipo Nyamizi akaingia nyumbani kwake, akasimama mbele ya nguzo ya katikati. Ilikuwa ya mkurungu, iliyokaushwa na moshi wa mafiga tangu siku za baba yake. Akaikata. Paa likalala upande mmoja, na kabla ya jioni nyumba ilikuwa chini.

Jirani akapiga ukelele, "Nyamizi, umebomoa nyumba kwa ajili ya bunduki?"

"Nyumba isiyo na maji nitakaa humo na nani?"

Alichonga, akapima kwenye bega lake. Alichonga tena, akapima tena kwenye bega lake. Kapele akamuuliza, "Mbona unapima kwako? Mpigaji ni nani?"

"Wanaume wenye shabaha wanamwogopa Mtemi," Nyamizi akasema. "Mimi namwogopa nyati tu. Nitapiga mwenyewe."

Basi asubuhi moja wakaenda kisimani watatu hao. Nyati hakuonekana. Alikuwa ndani ya vichaka, na nani angemfuata humo? Kalunde akajitwika mtungi, akatoka peke yake mpaka ukingoni mwa maji, akasimama.

Akapaza sauti, "Wewe! Uliyemuua Mihambo! Mkewe ndiye huyu!"

Vichaka vikafunguka. Nyati akatoka kichwa kimeinama, ardhi inalia chini yake. Nyamizi akafyatua. Nyati akayumba, lakini hakuanguka, akazidi kuja. Kwa gobore, habari ingeishia hapo. Nyamizi akavuta komeo, likarudi. Akalisukuma, likaenda. Teke la kwanza lilikuwa limemvunja mfupa wa bega, naye akaweka kitako pale pale palipovunjika, akafyatua tena. Nyati akaanguka, pua yake ikamrushia Kalunde matope miguuni.

Siku hiyo watu walichota maji mpaka mitungi ikawaishia. Wakiwa bado wanashangilia, Mtemi Lugusha akafika na watu wake. Akaitazama nyama, akaitazama bunduki.

"Boma limesikia," akasema. "Askari wako njiani, na watataka mtu. Mimi sitaki kumtoa mtu wangu. Basi mwenye bunduki hii aichukue, avuke mpaka wa nchi leo hii, asirudi tena. Kule ng'ambo mwenye bunduki kama hii ni mtu mkubwa, hatalala njaa. Lakini hapa hatazikwa. Na asipojitokeza mtu, nitaivunja mbele yenu. Haya, ni ya nani?"

Alidhani watanyamaza.

Kalunde akatoka mbele. "Ni yangu. Mume wangu aliubeba mtutu huu kutoka vitani kwa mabega yenye vidonda, mimi nikautunza. Nilisimama mbele ya pembe zilizomuua, nina mtungi tu kichwani. Nimeshazika, Mtemi. Utanitisha na nini?"

Kapele akatoka mbele. "Ni yangu. Mtutu bila komeo ni bomba la kuvutia tumbaku. Risasi ya pili ndiyo iliyoua, na risasi ya pili ilitoka kwa komeo langu. Nimelinunua kwa jicho. Anayesema si langu, aje anilipe jicho."

Nyamizi akatoka mbele, mkono mmoja unaning'inia. "Ni yangu. Mtutu ulikuwapo, komeo likawapo, na nyati bado alikuwa anakunywa maji yetu. Kitako hiki ndiyo nyumba yangu. Hawa wawili jioni watarudi kwao, mimi nitarudi wapi? Na bega lililovunjika si lenu."

Mtemi akasimama kwa hasira. "Mnagombea adhabu?"

"Tunagombea kilicho chetu," Kalunde akasema. "Adhabu ni yako."

Watu wakaguna. Mtemi akapiga fimbo chini. "Mmoja tu! Ataondoka mmoja. Na wawili watakaobaki, askari wakija, waape mbele ya watu wote kwamba hawakuijua bunduki hii wala hawakuigusa."

Hapo wote watatu wakaishika. Kalunde akashika mtutu, Kapele akashika komeo, Nyamizi akakumbatia kitako kwa mkono wake mzima. Hakuna aliyeachia. Wazee wakagawanyika, ndugu na ndugu wakakatana kauli, na vumbi la askari likaanza kuonekana njiani.

Nyinyi mnaonisikiliza, msinitazame mimi. Mmoja aende nayo asirudi, wawili wabaki na kuikana kazi ya mikono yao. Kalunde, Kapele au Nyamizi: je, nani alistahili kuondoka na bunduki ile?