Oili ya Tajiri Mbaruku

Tajiri Mbaruku alichomoa kijiti cha kupimia oili kwenye gari lake la spoti, akamwonyesha fundi Zamoyoni.

"Juzi uliponibadilishia ilikuwa na rangi ya asali, leo nyeusi tii. Umeniwekea oili chakavu. Fundi mwizi haweki gereji kwenye kiwanja changu, kesho uhame."

Zamoyoni hakubisha. "Kweli tajiri, kazi siijui. Kabla sijahama, nifundishe."

Mbaruku akavua koti. Akaleta kopo jipya alilonunua mwenyewe, akamwaga oili ya zamani, akatia mpya, mafundi wote wa gereji wakimtazama.

"Mmeona? Hivi ndivyo anavyofanya mtu mwaminifu."

"Tumeona, tajiri," akasema Zamoyoni. "Sasa liendeshe hadi Muheza na kurudi, tusikie mlio."

Alirudi akitabasamu. Zamoyoni akachomoa kijiti, akakiinua watu wakione: oili nyeusi tii. Kabla ya juzi, tajiri alikaa miaka mitatu bila kubadilisha oili, na masizi yaliyoganda ndani ya injini yalikuwa yameichafua hata hiyo mpya.

Mbaruku akaanza kutafuta koti lake.

"Shikamoo mwalimu," akasema Zamoyoni. "Sasa tuhame sote wawili, au tubaki?"

"Tubaki," akanong'ona Mbaruku.