Neno la Bibi Golnar

Ulimi wa mgeni husomwa mkononi mwake. Mmemsikia mama yenu akilisema hilo asubuhi, nanyi mwataka kujua limetoka wapi. Basi kaeni, wajukuu zangu, chanzo chake ni hiki.

Zamani hapa Unguja aliishi mwanamke akiitwa Mwanakheri. Alikwisha kuzika watoto wawili, na wa tatu, Zaituni, alikuwa na miezi minane tu. Mwanakheri hakuwa na raha. Mtoto akipiga chafya, yeye moyo humwenda mbio.

Jirani yake alikuwa Bibi Golnar, Mwajemi, mke wa fundi wa kujenga hamamu, zile nyumba za kuogea. Kiswahili alikijua maneno kumi hivi. Zaituni aliposhikwa na homa, Golnar alikuja na maji ya shayiri, akampakata, akamnywesha kwa kijiko, tone baada ya tone. Kila mara alimnong'oneza: "Jigareto bokhoram." Siku ya tatu homa ikaanza kushuka.

Siku hiyo Mwanakheri alimwachia Golnar mtoto, akaenda kisimani, akamkuta Faki Makame, baharia mstaafu aliyewahi kufika Uajemi. Akamuuliza maana ya neno lile.

Mzee akakunja uso. "Mwanangu, maana yake ni hii: nile ini lako."

Ndoo ikamponyoka. Alikimbia mpaka nyumbani, akamkuta Golnar ameinamisha mdomo sikioni mwa mtoto. Akampokonya mtoto, akamsukuma nje, akatia komeo.

Golnar aligonga, akalia, akasema maneno yasiyoeleweka. Mlango haukufunguliwa. Kufika alasiri mwili wa Zaituni ulikuwa kaa la moto, midomo imekauka, hata kulia hawezi. Mwanakheri akazunguka chumbani kama aliyepotea. Akifungua, mwanawe ataliwa. Asipofungua, atamzika kama wenzake.

Ndipo fundi, mumewe Golnar, aliporudi kutoka kazini. Yeye Kiswahili alikijua vyema. Akaita mlangoni:

"Bi Mwanakheri, ndugu yangu, tumekukosea nini?"

"Mkeo ataka kula ini la mwanangu!"

Fundi akapunguza sauti. "Kwetu ini ndiyo nyumba ya mapenzi. Mtu hamwambii hivyo ila yule ampendaye hata hajui afanyeje. Nanyi je, hamsemi kwamba uchungu wakata maini? Nani kati yenu alikiona kisu?"

Mwanakheri akausogelea mlango. Alichungulia kwenye upenyo wa mlango. Golnar alikuwa ameketi chini, amekumbatia bakuli la maji ya shayiri. Kila yalipopoa alikwenda kuyachemsha upya, na vidole vyake vilikuwa vimebabuka kwa mvuke. Siku tatu vidole vile vilimlisha Zaituni mbele ya macho yake. Neno alilisikia, mkono hakuutazama.

Akavuta komeo. "Niwie radhi, dada. Mshike."

Zaituni alipona, lakini homa ya mchana ule ilimwachia sikio moja bovu, lisilosikia tena. Watu walisema ni kudra. Mwanakheri hakujitetea kwa hilo. Kila alipomsikia mtu akimhofu mgeni kwa lugha yake, alimvuta Zaituni karibu, akamgeuza kichwa taratibu ili lile sikio lionekane, kisha akasema: "Mimi nilichelewa kujua. Ulimi wa mgeni husomwa mkononi mwake."