Tewa wa Mwisho Mwambani

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa bahari, na sisi tunaokula kwake.

Hapo zamani za kale ndege wa pwani walikuwa na desturi moja. Msimu wa samaki kuzaa ukifika, waliufunga mwamba. Hakuna kuvua pale. Walikwenda mikokoni, wakala kaa, wakangoja.

Mwaka mmoja Mwari, ndege mwenye mfuko chini ya mdomo, akawaona samaki wa mwambani, wanono, wamejaa mayai. Akawaambia wenzake kungoja ni ujinga, samaki hawatakwisha. Akatumbukia, chubwi! Wenzake nao, chubwi, chubwi! Wakala leo, wakala kesho, wakala hata waliposhiba.

Msimu uliofuata maji yalikuwa matupu. Hakuna changu, hakuna dagaa. Kinda wa Mnandi, yule ndege mweusi mpiga mbizi, akalegea shingo kiotani. Mama yake akazama, akaibuka. Akazama, akaibuka. Mara, pangoni, akamwona Tewa mmoja, samaki mkubwa wa mwambani, tumbo limejaa mayai.

"Mama Mnandi," Tewa akasema, "najua una mtoto. Ukinila leo, atashiba leo. Ukiniacha, mwezi ukijaa nitazaa, naye atakula mpaka akue."

Mnandi akasita. Alipogeuka, Mwari yuko nyuma yake, mdomo wazi.

"Nipishe, dada. Njaa inaniuma."

"Mwanangu inamuuma zaidi, na huyu sijamgusa. Kaa wako mikokoni, mbali, nami sina cha kuwabebea. Wewe na mfuko wote huo, kazi yake kumeza tu?"

Mwari akaona haya. Akaibuka, akaruka, akaenda zake. Mnandi akadhani amenuna. Jioni akamwona anarudi kutoka mikokoni, mfuko unacheza, kwacha-kwacha, umejaa kaa. Mwari akamlisha kinda. Kesho yake tena, na kesho kutwa. Ndege wengine wakamfuata mikokoni. Mwamba ukafungwa.

Mwezi ukajaa, Tewa akazaa. Msimu kwa msimu maji yakaanza kumetameta kwa samaki. Kinda akaota manyoya, akapiga mbizi yake ya kwanza, akaibuka na samaki mdomoni.

Mnandi na Mwari wakaenda pangoni. Mwari akainamisha mdomo, akasema:

"Tumekuja kusema ahsante, bibi. Mtoto amekula."

Tewa akacheka, mapovu yakapanda. "Mbona mmeshanishukuru siku nyingi? Kila msimu wa kuzaa natazama juu, mdomo wako siuoni."

Basi wanangu, na ninyi wakubwa mnaojifanya hamsikii: bahari inatulisha sote. Kuishukuru ni kuiacha izae.

Hadithi yangu imeishia hapo. Kitoweo chetu kisiishe.