Simba Aliyepakwa Parachichi

Hapo zamani za kale, watoto, wakati wanyama walipokuwa bado na nyumba, makarani na aibu, aliishi Simba mmoja ambaye nywele zake za shingoni zilikuwa zimekauka kama makumbi ya nazi. Alipozigusa zilikatika. Alipoacha kuzigusa zilikatika pia.

Wanyama wote waliliona jambo hilo, na wote walimwambia kwamba nywele zake zinapendeza. Ndivyo ilivyo kwa mwenye meno makubwa: huzungukwa na wenye macho mabovu.

Simba huyu alitaka kuoa. Posa yake ilikuwa imekubaliwa kwa sharti moja, kwamba shangazi wa bibi harusi, simba jike mzee aliyeitwa Bi Tabu, aje siku ya Ijumaa kumtazama bwana harusi na nyumba atakayomweka mkewe. Nyumba Simba hakuwa nayo. Alilala chini ya mgunga, mahali pa heshima sana na pasipo na paa. Basi akatazama huku na huku, akaona juu ya kilima cha mawe pango lenye ubaridi mzuri, lenye mlango wa kutazama mashariki, lisilovuja hata masika. Lilikuwa na mwenyewe, Pimbi. Simba aliiona hiyo kuwa kasoro ndogo.

Alimtuma Ngiri, karani wake, akamwambie Pimbi ahame kabla ya Ijumaa. Pimbi, ambaye si mkubwa kuliko sungura na hana hata mkia wa kujifunika aibu, aliuliza ni sheria gani inayomtoa nyumbani kwake. Ngiri alifikiri kwa muda mrefu, kisha akajibu kwamba sheria bado inaandikwa, ila kufukuzwa kuko tayari.

Pimbi alikuwa mgane. Mke wake alifariki mwaka uliotangulia, mwishoni mwa masika. Alipoanza kuugua, manyoya yake yalipukutika, na kila Jumamosi Pimbi alimpondea parachichi, akachanganya na asali na tui la nazi, akampaka polepole kuanzia nyuma ya masikio. Manyoya yalilainika. Dawa ile haikuwa imeahidi zaidi ya hapo. Ndani ya pango, kando ya ukuta, palikuwa na jiwe lililosuguka likawa laini, kwa sababu mkewe alilala hapo miaka tisa. Pango jingine Pimbi angeweza kulipata. Jiwe lile lisingehamishika.

Kesho yake akashuka kilima, akamkuta Simba amelala kwenye mkeka wake chini ya mgunga, Ngiri anampepea.

"Pole kwa msiba, Bwana Mkubwa," Pimbi akasema.

"Msiba gani?"

"Wa nywele."

Ngiri akakohoa, akapepea kwa kasi. Simba alitazama mkeka, ambao ulikuwa na nywele nyingi kuliko shingo yake, kisha akauliza kwa sauti ya chini kama jambo hilo linaonekana. Pimbi akamwambia kwamba linaonekana kutoka kilimani, ila wakati wa ukungu halionekani sana.

Basi akamweleza habari ya dawa. Haina kitu cha kutisha ndani yake: parachichi lililoiva mpaka likakata tamaa, ndizi mbivu, yai la mbuni, asali, tui zito la nazi, ute wa bamia, na majani ya mkunazi yaliyotwangwa. Vyote vinaliwa. Nywele hupakwa, hufungwa kwa majani ya mgomba, huachwa zinywe. Ngiri hakutaka kuachwa nyuma, akadai kwamba yeye ameitumia dawa hiyo miaka mingi. Wote wawili wakautazama mgongo wake, wenye nywele zipatazo kumi na moja, na kwa adabu wakaendelea na mazungumzo.

"Unataka nini kwa kazi hiyo?" Simba akauliza, na sauti yake ilikuwa imeshaanza kukataa.

"Sitaki malipo. Nataka haki ya somo, basi."

Katika nchi ile, watoto, mwali alipowekwa ndani kabla ya harusi alikuwa na somo wake wa kumsinga, kumpaka na kumfunda. Somo hakulipwa chochote. Lakini kitu chochote kilichodondokewa na dawa ya mwali kilikuwa mali yake: mkeka, kanga, kigoda, beseni. Haki hiyo hakuna aliyewahi kubishana nayo, kwa kuwa kila nyumba ilikuwa na binti, na kila somo alikuwa na ulimi.

Pimbi akaongeza kwamba siku hizi hata mabwana harusi wa koo kubwa huwekwa ndani na kuwa na somo. Simba hakuwa na habari hiyo. Hakuwa nayo kwa sababu haikuwa kweli. Lakini alipenda sana kuwa wa ukoo mkubwa, akakanyaga majivu mbele ya Ngiri, kama walivyofanya wanaoapa, akasema kila kitakachodondokewa na dawa yake kitakuwa cha Pimbi.

Kisha akatazama alichokalia.

"Tutafanyia hapa?"

"Hapa panafaa kabisa," Pimbi akasema. "Mkeka ni mpana. Mto nao utafaa kuegemeza shingo. Na kile kigoda cha mpingo nitakiomba karibu, nipate pa kukanyaga nifike kichwani."

Simba aliuona mkeka wake wa ukindu ukiondoka. Akauona mto wa sufi ukiufuata, na kigoda nyuma yao. Ilikuwa ni mali yake yote.

"Kwako hakuna nafasi?"

Pimbi akaeleza kwamba kwake ni padogo, paa liko chini, mgeni wa kiasi kile atamtia aibu.

"Tutafanyia kwako," Simba akasema. "Udondoshe kwenye mikeka yako mwenyewe."

"Mikeka yangu imechakaa, Bwana Mkubwa."

"Basi hiyo ndiyo haki yako. Ichukue."

Ngiri alicheka mpaka meno yake yakagongana, ko ko ko. Akasema hajawahi kuona mnyama anayepaka watu dawa ili ajishindie mikeka yake mwenyewe. Pimbi aliinamisha kichwa kama aliyeshindwa, akapanda kilima.

Ijumaa asubuhi shemeji yake Pimbi, dada wa marehemu, alikuja kusaidia kuponda. Alitwanga, twi, twi, twi, huku akiulizia akili za watu. Ndizi nzima nzima, asali ya mzinga mzima. "Shemeji," akasema, "parachichi kumi na mbili kwa kichwa ambacho hakijawahi kuwaza." Pimbi akamwomba aongeze tui, dawa iwe nyepesi. Nzito hushika nywele, akasema. Nyepesi huruka. Shemeji mtu akaacha kutwanga, akamtazama, kisha akamimina tui lote lililobaki.

Pimbi alikuwa ameshatoa kila kitu nje: mikeka, vyungu, mpaka ufagio. Simba alipofika akakuta pango tupu, akafurahi, akamsifu kwa kuhama mapema. Hata mikeka ile chakavu Pimbi hakuacha ya kudondokewa. Simba aliona huo ni ujinga, na ujinga wa wengine humpumzisha mwenye nguvu.

Akaketi katikati ya pango. Pimbi akasimama juu ya jiwe, akaanza kupaka kuanzia nyuma ya masikio, akishuka nywele moja moja, kwa mkono uliojua kazi. Dawa ilikuwa baridi. Simba, ambaye hakuwahi kuguswa na mtu asiyemwogopa, alifumba macho. Kwa muda mfupi hapo, watoto, alikuwa karibu kuwa mnyama wa kawaida.

Kisha akafungwa majani ya mgomba kichwa kizima, akabaki akionekana kama kisamvu kinachopelekwa safarini. Kazi ya Ngiri ilikuwa kusema kila baada ya muda kwamba nywele zinarefuka. Aliifanya vizuri, ingawa nywele zenyewe hazikuonekana. Kati ya sifa na sifa, alilamba kingo za beseni.

Jua lilipofika utosini Pimbi akafungua majani. Akasema imebaki hatua moja tu, na ndiyo inayotenganisha nywele za mfalme na nywele za mbuzi. Dawa haioshwi kwa maji. Hukung'utwa. Mara saba, kwa nguvu zote: kulia, kushoto, juu, chini, mlangoni, nyuma, na mara ya saba popote roho inapotaka.

Simba akasimama, akavuta pumzi, akakung'uta. Pwata. Ukuta wa kulia ukawa kijani. Pwata. Wa kushoto ukaufuata. Pwata, pwata, paa na sakafu. Mlangoni ndipo aliposimama Ngiri, na mara ya tano ilimkuta mdomo wazi, anasifu. Mara ya sita ikaenda nyuma, mara ya saba ikafika kila mahali ambapo zile nyingine zilisahau.

Nywele zilikuwa nzuri. Lazima niseme kweli: ziling'aa, zikaanguka mabegani kwa mawimbi. Simba alitoka nje kujitazama katika dimbwi, akakaa hapo muda unaotosha kupika maharage.

Hapo ndipo Bi Tabu alipofika na fimbo yake. Akamtazama bwana harusi kuanzia chini kwenda juu, akasema nywele ni za kuridhisha. Akaomba kuonyeshwa nyumba. Simba akamwongoza hadi mlangoni, na kizee kikasimama, kikatazama kuta zinazochuruzika parachichi.

"Nyumba hii ni ya nani?"

"Yangu, Shangazi," Simba akasema. Angesema nini? Hakuwa na nyumba nyingine ya kuonyesha.

"Na dawa hii ni ya nani?"

"Yangu pia. Nimewekwa ndani, kama desturi ya koo kubwa."

"Somo wako nani?"

Pimbi akatoka nyuma ya jiwe, akaamkia, akaeleza kiapo kilivyokuwa, neno kwa neno, bila kuongeza. Bi Tabu alimsikiliza akiitikia kwa kichwa, kwa maana yeye mwenyewe alikuwa somo wa siku nyingi, na kitanda alichokuwa akilalia alikipata kwa tone moja la mafuta ya karafuu.

Simba akasema mkeka ni mkeka, nyumba si mkeka. Akasema huyu ni kijinyama tu cha mawe. Alitaka kunguruma, lakini mtu hangurumi mbele ya shangazi wa mchumba, na ngurumo ikamrudi tumboni, gulu gulu.

Bi Tabu akamgeukia Ngiri, shahidi. "Aliapa mkeka, au aliapa kitu chochote?"

Ngiri akamtazama Simba. Akamtazama Bi Tabu. Akapima, kama alivyopima siku zote, ni nani mkubwa zaidi hapo mlangoni.

"Chochote, Bibi."

"Basi haki ya somo haipimwi kwa kimo cha somo," Bi Tabu akasema. "Nyumba ni yake. Na wewe karani, umedondokewa mpaka puani. Wewe pia ni wake."

Ngiri akajitazama, akaona kwamba ni kweli. Akauliza kazi zitakuwa zipi. Shemeji mtu akampa ufagio.

Bi Tabu hakuwa amemaliza. Alikuwa mtu wa sheria, na watu wa sheria hufuata jambo mpaka mwisho hata pasipo na haja. Akamwonyesha Simba kwa fimbo, akasema kwamba hakuna aliyepakwa dawa ile nyingi kuliko yeye mwenyewe, kutoka utosini hadi mabegani. Somo anasemaje?

Pimbi alimtazama Simba, nywele zake zinameremeta, macho chini. Akamtazama kwa makini, kama mtu anayepima kabati kabla ya kulinunua.

"Huyo nawaachia, Bibi," akasema. "Mimi nina nafasi ndogo."

Simba akarudi chini ya mgunga, kwenye mkeka wake, mto wake na kigoda chake, vyote salama. Posa ilivunjika kabla ya jua kuzama. Kuta za pango zilioshwa kwa siku tatu, na Ngiri ndiye aliyeosha, isipokuwa lile jiwe laini kando ya ukuta, ambalo Pimbi aliliosha mwenyewe.

Kwangu hadithi imefika mlangoni, watoto, nanyi ingieni nayo hivi: anayeogopa kupoteza mkeka ndiye hupoteza nyumba.