Toroli la Mwenyekiti

Aliyepanda toroli hajivunii jasho. Methali hiyo mmeisikia leo, wanangu, mnauliza ilitoka wapi. Ilianzia Kwemlago, kijiji cha mlimani, siku ya mbio za matoroli.

Kila mwaka, baada ya mavuno, watu wa Kwemlago walishindana wawili wawili: mmoja anasukuma toroli, mwenzake amekaa ndani kama gunia la viazi. Walitoka kwenye mashine ya kusaga hadi zahanati, huku watu wakicheka na kuchangia. Mwaka ule walichangia vitanda vya kujifungulia, maana wanawake walikuwa wakizalia sakafuni. Mkamwana wa Mwanahawa, muuza vitumbua, alikuwa mmoja wao.

Kura ilimwangukia Mwanahawa amsukume mwenyekiti wa kijiji, Bwana Shekiondo, mtu wa kilo tisini na ushei. Hakulalamika. Alijifunga kanga kiunoni, akasukuma. Mlimani gurudumu lilizama mferejini. Mwenyekiti hakushuka, alipunga kofia tu. Mwanahawa aliliinua toroli pamoja na mtu wake, viganja vikachubuka. Wakafika wa kwanza.

Shekiondo akapokea kombe, akashika kipaza sauti.

"Nimemwaga jasho kwa ajili ya mama zetu! Vitanda vikifika vitaandikwa jina langu."

Hakumtaja Mwanahawa hata kwa bahati mbaya. Mama wa watu aliliacha toroli. Akamwendea mbele ya umati.

"Jasho gani, Mwenyekiti? Shati lako bado lina mikunjo ya pasi."

"Mama, leo siku ya furaha. Tusiiharibu."

"Aliyeiharibu nani? Mkamwana wangu amezaa juu ya saruji, hukuja hata kutupa pole. Watu wametoa kuku, wametoa mayai ya watoto wao, leo vitanda ni vyako? Haya, shika toroli. Mimi nakaa. Nirudishe mashineni!"

"Shika! Shika!" watu wakapaza sauti.

Akashika, kwa aibu. Hatua hamsini hazikutimia. Alitweta, akaketi barabarani amelowa chapachapa. Hakuna aliyemcheka. Walikuwa wamekasirika mno.

Bibi mmoja mkongwe aliinama amtazame usoni, akamwambia: "Umeonja, baba? Basi shika neno hili."

Vitanda vilipofika viliandikwa "Mali ya Wanakwemlago." Na tangu hapo, mtu akijitwalia sifa za kazi ya mwenziwe, huambiwa neno lile la bibi: aliyepanda toroli hajivunii jasho.